Siku moja na majani ya pilipili manga

Saa 1 asubuhi. Nachuma majani machanga, yale laini ya ncha ya mpilipili manga, kwa sababu yaliyokomaa yamejaa utelezi na polifenoli, kemikali za mmea zinazoharibu kazi yangu. Namba naiandika kwenye bahasha kabla sijachuma.

Pilipili manga hupandwa kwa vipando vya shina. Mtu humpa jirani kipando, jirani hukipa jina lake, na miaka ikipita mche uleule una majina manne. Au jina moja limebeba miche isiyo na undugu. Kwa macho huwezi kuamua, ndiyo maana natengeneza alama za kijenetiki, yaani sehemu za vinasaba (DNA) zinazotofautisha mche na mche.

Saa 2. Nasaga majani kwenye kinu kwa nitrojeni kimiminika mpaka yawe unga, kisha unga unaingia kwenye bafa ya CTAB, kimiminika kinachopasua seli na kutoa vinasaba, chenye joto la nyuzi 65. Hapa sina mzaha. Unga ulioganda ukiyeyuka kabla ya kufika kwenye bafa, polifenoli hugeuka kahawia na kung'ang'ania vinasaba, na kazi yote imekwisha. Naongeza PVP, kemikali ya kuzinasa polifenoli. Nasafisha kwa klorofomu mara mbili, kisha naongeza isopropanoli baridi, pombe inayofanya vinasaba vijitenge. Nageuza kichupa taratibu, na katikati ya maji maangavu zinajitokeza nyuzi nyeupe za vinasaba, nyembamba kama pamba. Kila nikiziona nasimama kidogo.

Saa 5. Kipimo cha usafi wa vinasaba: 1.8. Vizuri.

Saa 6. Jenomu ya pilipili manga, yaani vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2019, nami naipekua kutafuta sehemu ambapo herufi za vinasaba zinajirudia, GA GA GA GA. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mche na mche. Praima mbili, vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, nazipanga kuzizunguka sehemu hizo, moja kila upande.

Saa 8. Mashine ya PCR, inayonakili kipande hicho mara nyingi: nyuzi joto 94, 55, 72, mizunguko 35. Nakula.

Saa 11. Jeli ya agarosi, inayotenganisha vipande vya vinasaba kwa urefu na kuvionyesha kama mistari, chini ya mwanga wa urujuanimno. Jozi kadhaa za praima hazikutoa kitu. Nyingine zimetoa mstari uleule kwa miche yote. Zinafanya kazi, ila hazinisaidii kutofautisha chochote. Kisha jozi ya tisa: mche namba 7 una mistari miwili, namba 12 una mmoja tu. Kwenye daftari wote wawili wana jina moja.

Nimeshaandika bahasha mbili mpya, 7 na 12. Kesho naanza upya na majani yao.