Kifua cha mtoza ushuru

Bibi alinikatiza kabla sijamaliza mstari. "Hebu rudia hapo, mjukuu wangu. Huyu wa pili naye anajisifu?"

Tulikuwa chini ya mwembe, kijijini kwetu mkoani Mara, nikiwasomea kina mama sita rasimu ya tafsiri yetu ya Biblia, Luka 18, katika lugha yetu: mfano wa Yesu wa watu wawili waliokwenda kusali. Farisayo alikwisha kusali na kujigamba. Akafuata mtoza ushuru, kasimama mbali, macho chini, anajipiga-piga kifua. Nikarudia. Wakatazamana. Kwetu anayejipiga kifua ni yule anayesema "mimi hapa, nani ananiweza?" Na hata kwa Kiswahili ndivyo. Basi walichosikia ni watu wawili wakishindana kwa majivuno, halafu Yesu akamsifu wa pili. Mfano mzima, ambamo wa pili anatubu, ulipinduka, ilhali hakuna neno hata moja nililolikosea. Nililifuata tendo kama lilivyo kwenye Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, ya mwaka 1952, niliyoisoma tangu utotoni bila kujiuliza.

Jioni tulibishana sana. Kijana mmoja wa timu yetu ya watafsiri alitaka mtoza ushuru aweke mikono kichwani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kila mtu kwetu angeelewa. Nilikataa, na leo pia nakataa. Kujipiga kifua pale si usemi tu, ni tendo analolifanya mtu huyo ndani ya mfano, na Luka analirudia katika 23:48, makutano wanapoondoka msalabani wakijipiga-piga vifua. Ukilibadilisha mahali pamoja, msomaji hatasikia mahali pa pili pakimwitikia mtoza ushuru. Kifua tukakiacha, tukaongeza neno letu la mtu anayejilaumu kwa uchungu.

1 Petro 1:13 ni kesi nyingine kabisa. "Vifungeni viuno vya nia zenu." Nia haina kiuno. Petro anamchora mtu mwenye vazi refu, analikusanya na kulifunga ili atembee upesi au afanye kazi bila kujikwaa. Picha hiyo naiona kila asubuhi: mama anaikunja kanga, anaizungusha kiunoni, anaikaza mpaka pumzi inakatika kidogo, ndipo anashika jembe. Kujifunga kibwebwe! Lugha yetu ina msemo wake unaolingana na huo, nami niliushika kwa mikono miwili. Wazee wawili waligoma: mwanamume hafungi kibwebwe. Hoja yao nilipokea kwa heshima, lakini Waswahili wenyewe leo husema serikali imejifunga kibwebwe, au timu ya mpira, na hakuna anayeona kanga. Tulikubaliana tuusome kwanza kanisani, tuwasikilize wanaume.

Kinachonisumbua zaidi ni viungo vya ndani. Yeremia 17:10, Union inasema Bwana "navijaribu viuno". Kiebrania kinataja figo, mahali ambapo Waisraeli waliweka mawazo ya siri kabisa ya mtu. Neno lilelile la figo liko Zaburi 16:7, na hapo watafsiri walewale wakaandika "mtima wangu umenifundisha usiku". Mtima, yaani moyo wa ndani! Natamani wangelitumia na kwa Yeremia, kwa sababu kiuno kinachojaribiwa hakimwambii msikilizaji wetu lolote kuhusu siri. Ndiyo maana kila mtafsiri mpya anayekaa nami namwomba asikimbilie kutafuta jina la kiungo. Aulize kwanza Mwisraeli alikipa kazi gani, halafu aulize kazi hiyo kwetu inafanywa na kiungo gani: moyo, ini, au tumbo.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa bibi na Luka 18 iliyorekebishwa. Nilisoma polepole. Nilipofika kifuani alifumba macho, akaguna, hakunikatiza. Nikamaliza mpaka pale mtoza ushuru anaposhuka nyumbani amehesabiwa haki. Alikaa kimya, kisha akaniuliza:

"Na yule wa kwanza, kuna aliyemwambia?"