Vile vindege vya mkia mwekundu

Jamani nimewaona tena! Jumamosi nilikuwa shambani kwa bibi huku upande wa Ruvuma, wajomba wanapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi limetanda kila mahali, nikajitenga kwenye kile kichaka kilichobaki bondeni ndo nikaona majani yanacheza na upepo hakuna.

Ni wadogo kweli, kama sentimita 12 hivi na mkia ukiwemo, tumbo la njano, mkia una rangi ya kutu, na huo mkia hautulii hata sekunde, anauchanua anaufunga anauchanua, huku anaruka tawi kwa tawi anadaka wadudu. Walikuwa wanne. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Bibi anasema tu "vile vindege vya mkia mwekundu". Kitaalamu ni Erythrocercus livingstonei, ndio, Livingstone yule yule aliyeshukia Mikindani Machi 1866 akafuata mto Ruvuma kwenda bara na hakurudi tena. Mimi nimekulia Mikindani, jina lake nimelisikia tangu chekechea, ila kwamba ana ndege na ndege mwenyewe yuko kwa bibi nimekuja kujua ukubwani.

Sasa IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwenye kundi la wasio na hofu kubwa ya kutoweka, maana yupo pia Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Sawa, nakubali, hayuko kama ndege mwingine, Sheppardia gunningi wa msitu wa Rondo kule Lindi, ambaye aliwahi kuandikwa anakaribia kutishiwa kutoweka. Lakini hiyo ni hesabu ya ndege wote popote walipo, hawa wanne wa bibi wana kichaka kimoja tu. Nilivyokuwa mdogo kilianzia nyuma ya jiko mpaka mtoni, leo unarusha jiwe linatokea upande wa pili. Mkaa umekula, korosho imekula, na korosho hiyo hiyo ndo imenisomesha kwa hiyo siwezi kumnyooshea mtu kidole, ila mkoroshoni sijawahi kumwona huyu ndege hata siku moja.

Nikamfuata mjomba na picha kwenye simu, nikamwomba bondeni asifyeke. Akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mjomba, hawa si ndo wale tulikuwa tunawawinda kwa manati?" Mwaka huu atafyeka upande wa barabarani kwanza.