Besi wa Ziwa Burntside

Mwezi Julai mwaka 2017 nilivua besi kwa mara ya kwanza nikiwa ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, katika Ziwa Burntside, karibu na mji mdogo wa Ely ulio kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota. Ugeni wangu ulikuwa kwa chombo, si kwa samaki. Nilizaliwa Naivasha, na baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu aliyetulisha na kutusomesha kwa mapato ya besi wa mdomo mkubwa, samaki ambaye aliletwa katika ziwa letu kutoka Marekani mwaka 1929 ili walowezi wapate cha kuvua kwa burudani. Baada ya uhuru wengi wa walowezi hao walikwenda zao, samaki akabaki, na burudani ya watu ikageuka kuwa karo yetu ya shule.

Aliyenipeleka Burntside ni jirani yangu wa Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, mwalimu mstaafu ambaye baba yake alifanya kazi katika migodi ya chuma ya Ely mpaka wa mwisho ulipofungwa mwaka 1967. Watu wa huko huitana kwa majina tu bila kujali umri, lakini ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita Mzee, naye akalipenda jina hilo kuliko nilivyotarajia. Tuliendesha gari kwa takriban saa nne kuelekea kaskazini, kayaki mbili zikiwa zimefungwa juu ya paa, na kabla ya kulala alihakikisha kwamba leseni yangu ya uvuvi imo mfukoni na kwamba jaketi la kuokolea maisha linanienea vizuri.

Kulipokucha tulikuwa tayari ufukoni. Katika majira ya kiangazi kwenye latitudo ile jua huchomoza mapema mno, na mvuvi anayetaka maji yaliyotulia hana budi kuamka gizani, kwa sababu ifikapo saa nne asubuhi upepo huanza kuvuma na kayaki huanza kwenda unakotaka upepo. Ziwa lenyewe ni kubwa, limejaa visiwa vya mawe na misonobari, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba niliweza kuona miamba iliyo chini sana ya chombo changu. Hapo ndipo nilipositasita.

Ni lazima nieleze jambo hili kwa wasiowahi kuishi karibu na viboko. Kayaki humkalisha mtu chini sana, kiuno chake kikiwa karibu kulingana na maji, miguu imenyooshwa mbele, mikono yote miwili imeshika kasia lenye bapa kila upande. Naivasha, mtu aliyekaa hivyo alfajiri angehesabiwa kuwa amechoka kuishi. Baba alitufundisha kuyasoma maji kabla ya kuyaingia: mapovu yanayopanda kwa mstari, wimbi dogo lisilo na upepo, ukimya wa ghafla kwenye mafunjo. Wapo wavuvi wenzake ambao hawakurudi nyumbani, na kila mtoto wa ufuko ule aliyajua majina yao. Kwa hiyo, ingawa akili yangu ilijua kwamba hakuna kiboko hata mmoja kati ya Burntside na Ncha ya Kaskazini, mwili wangu haukuwa umepewa habari hiyo. Ndege mmoja mweusi mwenye madoa meupe mgongoni, wale wanaoitwa luni, alipoibuka ghafla karibu nami na kutoa mlio wake mrefu wa huzuni, nusura nipinduke. Mzee alicheka mpaka mwangwi ukarudi kutoka kisiwani.

Akanielekeza mahali pa kutupa mshipi. Besi wa Burntside ni wa mdomo mdogo, binamu wa yule wa kwetu, na hapendi magugu na matope kama huyo mwenzake, bali mawe na maji baridi. Mwishoni mwa majira ya kuchipua hukaa karibu na ufuko kwa ajili ya kutaga, dume akilinda kiota, lakini ifikapo Julai huwa ameshasogea kwenye ncha za visiwa na miamba iliyozama, akiwinda kamba wa ziwani. Chambo changu kilikuwa kipande cha plastiki laini chenye rangi ya kahawia na kijani, kilichotengenezwa kumwiga kamba huyo, na ndani yake mlikuwa na ndoana yenye risasi ndogo ya kukizamisha. Nilitabasamu nilipokiona, kwa sababu kamba wenye asili ya Amerika nao waliletwa Naivasha, mwaka 1970, na besi wa kwetu walinenepa kwao.

Hatukutia nanga, kwani nanga hunasa kirahisi kati ya mawe. Mzee alinifundisha kuanzia upande unakotoka upepo mwepesi, kuuacha upeperushe kayaki polepole juu ya mwamba, kutupa chambo mbele, kukiacha kizame huku mshipi ukiwa umelegea kidogo tu, kisha kurudi kwa kasia na kuanza upya. Yote haya hufanywa na mtu mwenye mikono miwili anayehitaji mitatu. Nilikuwa nimeuweka ufito mapajani ili nirekebishe mwelekeo kwa kasia ndipo mshipi ulipoanza kwenda kando, bila mvuto wowote, kana kwamba ziwa limeamua kuuchukua. Niliinua ufito, ukapinda.

Katika maisha yangu yote nilikuwa nimewashika besi wengi, lakini wote walikuwa wamekwisha kunaswa wavuni, na sikuwahi kuhisi nguvu ya hata mmoja wao akiwa huru. Huyu aliruka juu ya maji, akatikisa kichwa, akazama chini ya kayaki na kuigeuza mpaka pua yake ikaelekea tulikotoka. Chombo chepesi hakimpi samaki kitu cha kuvutana nacho, hivyo alituburuta sisi sote pamoja, mimi na kayaki, na wakati huo wote sikuwakumbuka viboko hata kidogo. Hatimaye nilimshika kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini, kwa kuwa besi hana meno ya kukata. Alikuwa na rangi ya shaba iliyoungua, mistari iliyosimama ubavuni, jicho jekundu, na urefu wa sentimita 46 kwenye kipimo kilichobandikwa ubavuni mwa kayaki. Mzee akanipiga picha, kisha akanionyesha jinsi ya kumshikilia majini mpaka atakapoondoka kwa nguvu zake mwenyewe.

Tulipokuwa tukinywa kahawa kwenye jabali nilimwambia kwamba nimefurahi kumwona samaki huyu kwao. Mzee akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba maji ya upande ule hutiririka kaskazini hadi Hudson Bay, ghuba kubwa ya Kanada, ilhali asili ya besi wa mdomo mdogo ni mito ya bonde la Mississippi na Maziwa Makuu. Katika maziwa ya karibu na Ely alipandikizwa na watu, takriban wakati babu zake Mzee walipokuwa wakiwasili kutoka Finland kuchimba chuma. Walileta besi, alisema, kwa sababu ileile waliyompelekea huko kwenu. Nilibaki nikiyatazama maji. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia wataalamu wakimtaja samaki wa baba yangu kuwa mgeni, tena mharibifu, nami nilikuwa nimedhani kwamba walau nitamkuta nduguye mahali ambapo ni mwenyeji.

Kabla ya kuondoka tulimwaga maji yote yaliyokuwa ndani ya kayaki na kuondoa kila jani la gugu, kwa sababu sheria ya Minnesota inakataza kuhamisha viumbe vamizi kutoka ziwa moja hadi jingine. Mjini Ely nilipata mtandao, nikamtumia baba picha, naye akapiga simu papo hapo. Naivasha ilikuwa jioni.

“Huyo ni kilo moja na nusu,” alisema hata kabla ya salamu. “Mmemkaanga?”

“Hapana, Baba. Tulimrudisha majini.”

Alinyamaza kwa muda, nikadhani laini imekatika.

“Umelipia leseni,” alisema hatimaye, taratibu, akilihesabu kila jambo, “umeamka usiku, umeketi ndani ya hicho kitu kama beseni, umemshika, halafu umemwachilia.”

“Ndiyo, Baba.”

“Haya. Na alishikwa kwa chambo gani?”

Nilimweleza rangi, ukubwa na jinsi kinavyozama. Akauliza kama kinadumu au samaki hukitafuna mara moja kikaisha, kisha akaniagiza nimtumie pakiti mbili kupitia mtu yeyote atakayesafiri kuja Nairobi, ila nisitume zile za bei ghali.