Imla ya papa

Masikio yangu yaliondoka na homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka minane. Kiswahili kilibaki kichwani. Ndiyo maana nilipohamishiwa shule ya viziwi, darasa la tatu, Dar es Salaam, nilionekana bingwa bila jasho.

Jirani yangu wa dawati alizaliwa kiziwi. Jina lake la alama lilikuwa kidole kupitishwa juu ya jicho, palipokuwa na kovu, basi nimwite Kovu. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha ya alama. Akisimulia safari za baba yake baharini, ungeuona mtumbwi ukipanda wimbi na nyavu zikikaza. Daftari lake sasa: "Jana baba samaki mimi pa." Walimu walimwita mzito. Kiswahili hakukisikia hata siku moja, alikuwa akikiokota ubaoni neno kwa neno. "Alinipa" kwake ni mkono mmoja tu, unaotoka kwa mtoaji kuja kifuani. Hiyo "li" angeiona wapi?

Siku hiyo alikuja mwalimu mgeni, hajui alama hata moja. Aliamini kiziwi husoma midomo. (Ukubwani nilikuja kusoma kwamba walimu wa viziwi waliokutana Milan, Italia, mwaka 1880 walipitisha azimio la kutukuza midomo na kuitupa mikono. Yule wetu sidhani kama alijua anamfuata nani.)

Akatoa imla: "Baba amempa mama papa."

Simama mbele ya kioo uiseme bila sauti. B, m na p zote midomo hufumba vilevile. Naye alizidi kuachama, kana kwamba tuna tatizo la macho.

Mimi nilipata. Nilipata kwa sababu kitabu chake kilikuwa wazi mezani na mimi nakaa dawati la mbele. Akaliinua daftari langu, akawaonyesha wenzangu kidole gumba. Kovu alikuwa ameandika "mama mama mama mama". Mwalimu akamgeukia mwenzake aliyesimama mlangoni, akakizungusha kidole kwenye kipaji cha uso. Chumba kizima cha watu wanaoishi kwa macho, naye alidhani hatujaona.

Sikunyanyua mkono kusema lolote.

Kovu aliinuka. Aliandika kitu kiganjani kwa kalamu, akafumba ngumi, akaenda mbele. Akafumba na kufumbua midomo mara mbili, kimya, kisha akampa mwalimu chaki.

Mwalimu akacheka kidogo. Akaandika "baba".

Kovu akatikisa kichwa, akarudia, polepole, akiachama vilevile kama yeye.

Chaki ilikaa hewani muda mrefu. "Mama."

Kovu akafungua kiganja: papa, kwa wino wa bluu uliokwisha kulowa jasho. Madawati yakapigwa ngumi, mtikisiko nikausikia mbavuni.

Daftari langu lilikuwa bado mkononi mwa mwalimu.