Mabomba Manne na Madirisha Yote

Alama za rangi nyeupe bado zipo kwenye sakafu za makanisa mengi ya Kenya, zimefifia chini ya mabenchi, moja kila mita moja na nusu. Nikiziona nakumbuka hesabu ya ibada wakati wa korona, Julai 2020: watu 100, saa moja, umri wa miaka 13 hadi 58. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza tarehe 6 mwezi huo kwamba maeneo ya ibada yangefunguliwa kwa awamu, na masharti yakatolewa na baraza la viongozi wa dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Shule ya Jumapili na madrasa zilibaki zimefungwa. Nayaandika haya kabla hayajasahaulika, kwa sababu ugonjwa mwingine hautapiga hodi.

Mia moja ilikuwa kikomo cha serikali. Kikomo cha kanisa lenyewe hupimwa kwa futi kamba. Benchi la mita tatu lililozoea kubeba watu sita hapo hubeba watatu: mmoja kila ncha na mmoja katikati. Kama kutoka benchi hadi benchi ni sentimita 90, lazima uruke moja ndipo upate mita 1.8. Kwa hiyo kanisa la mabenchi 30, yaani 15 kila upande, linabaki na mabenchi 16 ya kukaliwa. Hao ni watu 48 tu, mahali palipokuwa pakiketi 180, na hata hao ni iwapo njia ya katikati ina upana wa mita moja na nusu. Watu wa nyumba moja wanaweza kuketi pamoja, hapo hesabu inalegea kidogo. Mabenchi yanayorukwa yafungwe kwa kamba ya katani kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa karatasi ya kukataza haimzuii mama aliyekalia benchi hilohilo miaka ishirini. Utepe wa gundi sakafuni hubanduka deki ya kwanza ikipigwa. Ndiyo maana iliyobaki hadi leo ni rangi.

Palipoharibika zaidi ni getini. Kunawa mikono vizuri huchukua karibu nusu dakika. Ukiwa na bomba moja na watu 100, hiyo ni dakika 50 za foleni kwa ibada ya saa moja, na foleni ikichelewa watu hubanana. Unakuta waumini wamesongamana nje kuliko watakavyokaa ndani. Mabomba manne hupunguza muda huo hadi dakika 13 hivi. Maji yapimwe pia: nusu lita kwa kila mtu ni lita 50 kwa ibada, kwa hiyo ibada tatu zinahitaji lita 150, na pipa la lita 200 linatosha na kubakiza. Bomba la kukanyaga kwa mguu ni bora, na sabuni ya maji ni bora kuliko kipande ambacho huanguka matopeni. Maji machafu yachimbiwe mfereji na kokoto zimwagwe chini ya mabomba, la sivyo ibada ya pili inaingia kanisani na tope.

Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kilipewa heshima kuliko uwezo wake. Mtu aliyetembea juani kilomita mbili ana ngozi ya moto, na kipimo kitamsingizia homa. Akae kivulini dakika kumi, afute jasho, kisha apimwe tena. Hata kikisoma sawasawa, hakimwoni mwenye virusi asiye na dalili.

Kuhusu kupangusa: dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji baridi, upate asilimia 0.1. Uchafu utolewe kwanza kwa sabuni. Mchanganyiko ufanywe siku hiyohiyo na uwekwe mbali na jua, maana huisha nguvu, na usikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya sumu. Dawa hiyo hutia mabaka kitambaa cha madhabahu na kula chuma, kwa hiyo vipaza sauti vipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70. Na jambo moja dogo linalotisha: aliyepaka kitakasa mikono asiwashe mshumaa kabla mikono haijakauka kabisa. Spiriti inashika moto, na mwali wake hauonekani vizuri mchana.

Hata hivyo naamini tulipangusa sana na kufungua madirisha kidogo. Tarehe 10 Machi 2020, huko Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya ya saa mbili na nusu. Wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa walifika 53, na wawili wakafa. Anayeimba hutoa vitone vidogo mno vinavyoelea hewani, na kupangusa benchi hakuvifikii. Kwaya ya waimbaji wanne waliotengana, wasiotazamana, kila mmoja na kipaza sauti chake, ilitosha kuongoza nyimbo. Madirisha ya chuma yaliyogandishwa na rangi yakwanguliwe kingo na bawaba zitiwe oili siku za kazi, kisha yafunguliwe pande zote mbili kabla mtu wa kwanza hajaingia, upepo ukatize. Feni ielekezwe nje kupitia dirisha, isipulizie watu wa mbele pumzi za wa nyuma. Kati ya ibada na ibada acha nusu saa.

Saa moja nayo ilikuwa na maana yake: kadiri mtu anavyokaa, ndivyo anavyovuta zaidi hewa yenye virusi. Kilichoimaliza mara nyingi ni matangazo. Yatumwe kwa simu Jumamosi, ndipo mahubiri yapate dakika zake ishirini. Kapu la sadaka likae mlangoni, na kutoka kuanze na benchi lililo karibu na mlango.

Sharti lililouma ni lile la miaka 58. Sababu yake ilikuwa ya kweli, maana umri huongeza hatari ya kufa. Lakini waliozuiwa ndio wazee wa kanisa, ndio kina mama wanaofagia alfajiri na kuombea wagonjwa. Ibada kwenye Facebook haikuwafikia wenye simu za kubofya. Kilichofaa ni orodha: kila mhudumu na wazee wanane, simu ya sauti kila wiki, na sala fupi uani, nje ya mlango, pakiwa na nafasi na barakoa.

Kamba zile za mabenchi zisitupwe mapema, maana masharti hulegezwa na kukazwa tena. Septemba 2020 masharti yalilegezwa hadi theluthi moja ya nafasi. Machi 2021 ibada za ana kwa ana zikasitishwa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zikarudi Mei kwa theluthi moja, na Oktoba 20 ikaruhusiwa theluthi mbili.

Daftari la getini, lenye jina, namba ya simu, mtaa na ibada aliyohudhuria mtu, lilikusudiwa kuwatafuta waliokaribiana na mgonjwa. Liwekwe kando ya orodha ya washirika ya kabla ya Machi 2020 na yapigiwe mstari majina ambayo hayajaonekana hadi leo. Mengi yatakuwa ya wale wa zaidi ya miaka 58, walioambiwa wakae nyumbani kwa tangazo la mimbarini. Kurudi wasiitwe kwa tangazo. Mtu aende kwao, abishe, amwite kila mzee kwa jina lake, na amwambie benchi lake liko upande gani.