Mama kaambiwa atembee, sasa atembee wapi?

Mwezi uliopita daktari kamwambia mama sukari iko juu, apunguze wali na kila siku atembee nusu saa. Ushauri wa maana kabisa, hata Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na nusu saa mara tano ndo hizo hizo. Basi tukishasali alfajiri tunatoka, mama na buibui lake na raba zangu za zamani, mie pembeni yake.

Tunakaa huku Fuoni, Unguja, nje kidogo ya mji. Siku ya kwanza hata hatujafika mbali tukakuta mtaro, mfuniko mmoja wa zege umekatika umetumbukia ndani, nondo zimechomoza juu, huku shimo huku daladala zinapita mbio, mama kanishika bega kwa nguvu mpaka nikahisi kucha zake. Siku ya tatu akanambia mwanangu mie ntatembea uani. Na kweli anazunguka uani, kutoka kwenye tangi la maji mpaka kamba ya nguo, anarudi. Roho inaniuma nikimuona.

Ndo maana hii habari ya miji yenye afya mie naichukulia kwa uzito. Ulaya walianza mpango huo 1986 kwa miji 11 chini ya hilo hilo Shirika la Afya, na fikra yenyewe ni kwamba afya haitengenezwi hospitali peke yake, inatengenezwa na maji, nyumba, njia ya miguu, kiwanja cha watoto, kwa hiyo meya na injinia wa barabara nao wana kazi ya afya kama daktari. Bara nako kuna mashindano ya afya na usafi wa mazingira tangu 1988, halmashauri zinashindanishwa, na Moshi imejipatia jina kwa usafi kwa njia hiyo. Na sisi Zanzibar tumefanya mambo jamani, mifuko ya plastiki tulipiga marufuku tangu 2006, bustani ya Forodhani pale pwani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 na jioni watu wanapunga upepo na watoto wao. Tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vinajaa barabarani, napenda sana siku ile. Lakini sukari ya mama inataka kila siku, na kila siku maana yake njia ya hapa mtaani.

Wiki iliyopita nikampandisha daladala tukaenda mjini kwa kutembea tu. Mama kakulia Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, vichochoro vile anavijua hata gizani. Kivuli kipo, gari haziingii, akichoka anakaa barazani anaamkiana na watu, anainuka tunaendelea. Tulitembea dakika 40 na yeye ndo alokuwa mbele! Wazee walojenga mji ule walimpa mtu nafasi ya kupita na pa kukaa, na hizi barabara mpya tunazojengewa nazo zinataka hivyo hivyo, njia ya miguu isiyokatika, mtaro uliofunikwa, miti. Injinia akimaliza kazi atembee nayo na mama yake mpaka sokoni, ndo aipokee.

Kesho Jumamosi tunakwenda tena, mama keshaniuliza kama nauli ninayo.