Siku tumbili alipozima stima

Mpango niliuandika mimi. Kurasa 42, jalada la plastiki, nembo ya kampuni juu, na kichwa kirefu cha kutosha kumtisha mkaguzi: Mpango wa Dharura na Uendelevu wa Huduma. Nilikuwa na miaka 27, mwaka wa pili kazini katika kampuni ya maji ya mji mdogo wa pwani ya Kenya, na kazi ile niliangukiwa kwa sababu ofisi nzima ni mimi tu niliyejua kupanga nambari za kurasa kwenye kompyuta zikakaa sawa. Nusu yake niliitoa mtandaoni, kwenye mpango wa kampuni moja ya maji ya ng'ambo. Nikabadilisha majina, nikaingiza visima vyetu vitatu na tangi letu la mlimani, nikasahau kufuta aya moja ya ukurasa wa 31 iliyoeleza namna ya kuondoa theluji kwenye njia ya kwenda kituo cha pampu. Meneja akatia sahihi, bodi ikapitisha, mkaguzi akaja, akapekua, akasifu. Theluji ikakaa mle mwaka mzima, na sisi tunatoka jasho.

Jumanne tarehe 7 Juni 2016, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia. Ofisi ilikuwa imepoa vile inavyopoa siku za mwanzo za mfungo, birika limefunikwa, watu wanasema kwa sauti ya chini. Saa tano na nusu hivi feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Stima zimepotea," akasema dada wa mapokezi, na akaendelea kufungua bahasha zake.

Kwetu hiyo si habari. Lakini haikupita robo saa, binamu yangu wa Nakuru akaandika kwenye kundi la familia kuuliza nani ana stima. Shangazi wa Kisumu hana. Kaka yangu Nairobi hana. Hapo tumbo likanicheza, maana mpango wangu wote ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya transfoma moja kuungua pale sokoni.

Mzee wa vali akaingia, kofia mkononi, baiskeli ameiegemeza mlangoni. Kipimo cha tangi letu kilikuwa kimekufa siku nyingi. Yeye hupanda ngazi akagonga chuma kwa pete yake, kuanzia juu kushuka, mpaka mlio utoke kwenye *ngooo* uwe *pu*. Hapo ndipo maji yalipo, na hapo huchora mstari wa chaki.

"Mwanangu, tuko mita mbili na shibiri. Na watu washaanza kuchota."

Tangi lina kina cha mita nne. Ndani ya Ramadhani maji huenda kwa kishindo baada ya alasiri, kila jiko linaposhika futari, na magharibi ndiyo usiseme. Siku ile hawakungoja alasiri. Mji uliozoea kukatikiwa unajua pampu hazina stima, basi kila mtungi, kila sufuria na kila ndoo ya kufulia ilikuwa chini ya bomba saa sita kabla haijagonga.

Nikatoa faili kabatini. Ukurasa wa 9: washa jenereta, endesha Kisima namba 1. Nilichagua namba 1 kwa sababu ndicho kinachotoa maji mengi, na kwenye jedwali kilipendeza.

Fundi wa umeme aliliwasha jenereta mara moja tu, likanguruma. Kila Ijumaa tulikuwa tunaliwasha dakika kumi, tunatia tiki. Akageuza swichi kutoka laini ya kawaida, akabonyeza kitufe cha namba 1. Jenereta likaguna kama ng'ombe anayezaa, likatoa moshi mweusi, taa za paneli zikafifia, swichi kuu ikajitoa kwa mshindo. Akajaribu tena. Vilevile.

"Mota ya kilowati 55 ikianza huvuta umeme mara sita ya ule inaotumia ikishashika mwendo," akaniambia huku akijifuta. "Hili halina kifua hicho."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Fomu iliuliza kama linawaka, madam. Linawaka."

Fomu ile pia niliitunga mimi.

Tukahamia Kisima namba 3, mota ya kilowati 22. Jenereta likatikisika, likashika. Maji yakapanda, si hata theluthi ya mahitaji, lakini yakapanda. Nikapumua. Fundi naye akachovya fimbo kwenye tangi la dizeli, akaitoa, akanionyesha unyevu uliofika chini kabisa, upana wa vidole viwili. Lita 15 kama tuna bahati. Ijumaa zote zile tulikuwa tunachoma mafuta, na fomu haikuwa na mahali pa kuuliza yamebaki mangapi.

Ukurasa wa 11 ulisema dizeli inunuliwe kwa hati ya manunuzi kwenye kituo tulichoandikiana nacho. Nikapanda pikapu na dereva, mitungi minne nyuma. Kijana wa kituo alikuwa ameketi juu ya kreti, miguu ameinyoosha.

"Mafuta yako hapa chini, madam, tele. Lakini hayapandi." Akagonga pampu kwa kiatu. "Hii nayo hula stima."

Nilikaa kimya ndani ya gari muda kidogo. Mwaka mzima sikuwahi kufikiri kwamba mwuza mafuta naye ana swichi ukutani.

Kituo cha pili, barabara kuu, kilikuwa na jenereta na foleni ya bodaboda na matatu hadi msikitini. Mwenyewe aliitazama hati yangu ya manunuzi kama mtu aliyepewa barua ya mapenzi na mtoto wa darasa la nne. Pesa taslimu au M-Pesa. Ofisini karani wa fedha alinijibu kwamba mfumo hauwaki, basi nikatuma pesa zangu mwenyewe. Mtandao ulikuwa umeanza kulegea, minara nayo inaishi kwa betri, na ujumbe ukachukua dakika saba kufika. Dakika saba hizo nilisimama na mtungi mkononi mbele ya watu wenye swaumu wanaopiga honi. Pesa zile nilirudishiwa Septemba.

Niliporudi, saa nane kasoro, chaki ya mzee ilikuwa imeshuka hadi mita moja na nusu na kitu. Nikamkuta amechuchumaa kwenye shimo la vali kuu, ufunguo wa chuma wa herufi T begani.

"Nibane?"

Kwa mujibu wa ukurasa wa 14, vali kuu hubanwa kwa idhini ya meneja, kwa maandishi. Meneja alikuwa mkutanoni Mombasa, simu haipatikani.

"Bana, baba."

Akaupachika ufunguo, akauegemea kwa kifua, akaanza kuzunguka nao shimoni, akihesabu kwa midomo bila sauti. Kutu ikawa inadondoka. Kila mizunguko mitano alisimama, akaweka kiganja juu ya bomba kama anayempima mtoto homa, kisha akaendelea. Kumi na tisa. Akaacha.

"Malizia," nikamwambia.

"Ina ishirini na mbili. Mitatu naiacha." Nikauliza kwa nini. "Nikifunga yote, mabomba ya chini yatakauka, upepo uingie. Jioni ukifungua, maji yanausukuma ule upepo, na mabomba yetu haya ya zamani yanapasuka moja baada ya jingine. Halafu hospitali iko hapo bondeni. Mitatu inawatosha wao. Walio juu watatusamehe."

Walio juu ni pamoja na mama yangu mzazi. Haikupita nusu saa akapiga: "Maji yamekata, na wewe uko hukohuko!" Nilimwambia ajaribu kisima cha jirani. Sikumwambia nani alisema bana.

Stima zilirudi karibu saa tisa. Taa ya paneli ikawaka, mimi nikarukia kitufe, fundi akanishika mkono. Alinionyesha sindano ya volti: inapanda, inashuka, inapanda. Gridi nzima ilikuwa inarudi kwa kusuasua, na mota ikianza kwenye volti iliyolegea hujichoma yenyewe. Tukangoja dakika ishirini. Katika dakika hizo meneja akapatikana, akapiga mara nne kuuliza tunangoja nini. Kisha fundi akawasha namba 3, akanyamaza kidogo, akawasha 2, mwisho kile kikubwa, na safari hii kikanguruma bila kuguna.

Saa kumi na mbili kasorobo mzee akagonga tangi, akapata mita mbili. Akafungua vali mzunguko mmoja, akangoja, mmoja, akangoja. Adhana ya magharibi ilitukuta palepale mlimani na mizunguko minne imebaki. Alikuwa na tende tatu ndani ya karatasi. Tukafuturu, akamaliza minne yake, akaenda kuswali.

Habari za usiku ndizo zilizotuambia kilichotokea. Saa tano na dakika 29 asubuhi, ilisema taarifa ya kampuni inayozalisha umeme, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kule mto Tana kati ya Kamburu na Kindaruma, akaangukia transfoma, ikajizima. Mashine nyingine za pale zikazidiwa na mzigo, zikatoka, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo na nchi nzima ikafuata. Ua wa umeme wa kuzuia wanyama walikuwa nao. Tumbili mwenyewe alitoka mzima, akakabidhiwa watu wa wanyamapori. Picha yake ilizunguka kwenye simu usiku kucha, na nyumbani walibishana kama ni tumbili au kima mpaka daku.

Asubuhi nikajaza ripoti ya tukio. Penye "chanzo" palikuwa na visanduku vitano, nilivyovichora mwenyewe: mvua, wizi, moto, hitilafu ya mtambo, mengineyo. Nikatia alama kwenye mengineyo, nikaandika: tumbili. Meneja akaniita.

"Hii inakwenda kwa bodi."

Nikaandika hitilafu ya gridi ya taifa.

Wiki ile nikaufungua mpango upya. Theluji nikaifuta, na mahali pake nikaandika habari ya vali kuu: jumla mizunguko 22, funga 19, acha 3, na sababu zake kama alivyonieleza. Nikaenda kumsomea mzee chini ya mwembe. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiyo ya mlimani umeipata," akasema. "Ya bondeni ina ishirini na sita, na inafungwa kwa kushoto. Iandike, maana mimi Desemba nastaafu."